Sahani ya Anayerudi

Kama umepewa kadi ya kliniki ya saratani na kuambiwa dozi ni sita, najua umeshapata washauri wengi. Jirani amekuletea majani ya mti fulani, pasta amekuwekea mkono kichwani, na shemeji amekupigia simu kukusimulia habari za mtu wao aliyekufa kwa ugonjwa huo huo. Mimi sina majani wala mkono. Ya daktari utaelezwa na daktari. Mimi nitakueleza ya sufuria, kwa sababu chakula ndicho nusura kinizike, na tangu nizaliwe sikuwa mtu wa kuogopa chakula.

Kawangware, kwenye ploti yetu ya vyumba vya kupanga, nilijulikana kwa kazi moja: kufufua chakula kilicholala. Nilikuwa nikipika chapati na maharagwe kwenye kibanda cha mama mmoja karibu na soko, na kilichobaki jioni nilirudi nacho nyumbani. Usinionee huruma, nilikuwa fundi. Chapati ya juzi nilikata nyembamba nikakaanga na kabeji na kitunguu, na Mercy, msichana wangu, akala akiramba vidole. Ugali wa jana nilikata vipande nikavikaanga mpaka vikawa na ngozi ngumu, tukanywea chai. Githeri ya Jumapili, mahindi na maharagwe, ilikuwa githeri Jumapili tu. Jumatatu niliongeza maji na nyanya ikawa supu, Jumanne nikatia viazi na majani ya malenge nikaponda ikawa mukimo, na Jumatano Wycliffe, mume wangu, akauliza leo kumepikwa nini, na kumbe ni kitu kile kile anachokula siku ya nne. Friji hatukuwa nayo. Friji yetu ilikuwa mfuniko mzito na beseni la maji baridi, na kila asubuhi unachemsha tena. Kwangu hakikutupwa kitu isipokuwa maganda ya vitunguu.

Uvimbe ulianza shingoni mwanzoni mwa mvua ndefu, mdogo kama punje ya maharagwe. Nilidhani ni jino. Vipimo nitaviruka, vilikula mvua yote, na mvua ilipoisha nilikuwa nimekaa kwenye benchi la kliniki na kadi mkononi, na uvimbe ulikuwa umefika ukubwa wa kiazi. Niliogopa mpaka mkojo ukawa unanibana kila dakika tano. Mama aliyekaa kando yangu alinishikia nafasi mara nne bila kulalamika, na mpaka leo simjui jina.

Siku ya dozi ya kwanza sista mmoja mrefu, wa sauti ya chini, alituita watu sita wageni akatueleza. Alisema dawa ikishaingia damu itashuka, na mwili utabaki bila askari. Ukipata joto mwilini usingoje kesho, njoo. Kachumbari hapana. Maziwa yasiyochemka hapana. Kisha akasema, "Na chakula imelala, hapana. Pika, kula, iishe."

Nilicheka. Si kwa dharau, nilicheka kwa sababu nilijiona mimi mzima nimepigwa marufuku. Yule mama wa benchi pia alicheka. Sista hakucheka. Aliangalia kiti kilichokuwa kitupu karibu na dirisha, akasema hayo maneno huwa anayasema kila wiki. Kicheko kilinikauka mdomoni.

Tangu siku hiyo niliingia jikoni kwangu kama mwizi. Nilikuwa nikifunua sufuria na kunusa, nafunika, nafunua tena. Wycliffe aliniletea kipima joto, nami nikawa nakibana kwapani asubuhi, saa nne, mchana, baada ya chai, kabla ya kuoga, baada ya kuoga. Kikisema thelathini na saba nilikaa kitini nikingoja kama kitapanda. Dawa yenyewe ni nyekundu, na mkojo wa siku hiyo hutoka mwekundu. Hilo nakuambia ili usipige nduru chooni kama nilivyopiga mimi, ploti nzima ikatoka nje.

Dozi ya pili nywele zilianguka. Nilikuwa nikikanda unga kibandani, na nilipotazama karaini niliona nywele ndani. Mwenye kibanda hakunifukuza, alinivua aproni polepole na kuniambia niende nikapumzike, kazi itaningoja. Nililia njia nzima. Baada ya hapo kucha zikawa nyeusi, mdomo ukaota vidonda, na kila nilichoweka kwenye ulimi kilikuwa na ladha ya ufunguo. Mpishi asiyeonja ni mtu gani sasa? Mercy alikuwa akiniletea kijiko nionje chumvi, nami nasema iko sawa, nikimdanganya.

Baridi ya Julai ilitukuta tukigombana. Mercy alipika kwa mkono wa watu kumi, kwa sababu ndivyo nilivyomfundisha, kupika ya leo na ya kesho. Mimi nilikula kilichotoka jikoni saa hiyo, na Wycliffe akawa anamaliza vilivyolala, amekaa pembeni na bakuli lake asinikaribie. Siku moja niliona povu kidogo juu ya githeri. Nikabeba sufuria nzima, nikamwaga kwenye mtaro mbele ya ploti. Wycliffe ndiyo kwanza alikuwa anaingia kutoka kazini, yeye ni mlinzi. Aliniuliza kwa sauti ndogo yenye hasira, eti namwaga chakula watu wakiona?

Nikamwambia, "Afadhali waone nikitupa chakula kuliko waone mkinitupa mimi."

Alienda akasimama kwenye mfereji, akafungua maji, akayafunga, bila kunawa. Kisha akampigia simu mama yake.

Mama yake anakaa Gatwekera, Kibera, chumba kimoja cha udongo na mabati, na usafi wa chumba hicho unaweza kukufanya uvue viatu barabarani. Wajukuu humwita Kukhu, yaani nyanya kwa Kiluhya, na siku hizi mtaa wote humwita hivyo. Mimi humwita Mama. Aliamua nikae kwake mpaka dozi ziishe, maana Wycliffe yuko kazini na Mercy yuko shule, na mgonjwa haachwi na kuta. Nilishukuru na kuogopa pamoja. Mama mkwe ni mama mkwe hata akiwa malaika, na huwezi kumwaga githeri yake kwenye mtaro.

Kukhu ana desturi yake, na hapo ndipo simulizi yangu ilipo. Mtu wa nyumba yake akitoka kwenda mahali pazito, iwe hospitali, kortini, matanga au kutafuta kazi, wenzake wakila yeye pia hupakuliwa. Sahani yake hufunikwa na sahani nyingine, ikawekwa juu ya kabati, na hakuna anayeigusa mpaka mwenyewe arudi. Akirudi kesho, ataikuta. Alinihadithia sababu mara moja tu, akichambua mboga, macho chini. Mume wake alikuwa amelazwa, watoto wakawa na njaa, na jirani akamshauri awagawie sahani ya baba yao, kwani huko wodini si atakula. Akawagawia. Mchana huo huo wakaletewa habari. Tangu hapo, aliniambia, sahani ya mtu ikikosa juu ya kabati ni kama mmeshamzika.

Sasa niambie, ungeanzia wapi kumwambia huyo mama kwamba sista amekataza chakula kilicholala? Ya kachumbari nilimwambia. Ya maziwa nilimwambia. Hiyo moja sikumwambia. Nilijiambia nikienda kliniki na kurudi siku hiyo hiyo, chakula cha mchana kikipashwa moto jioni hakina neno. Ilipita hivyo dozi ya tatu, ikapita ya nne. Ulimi hauna mfupa, wangu ulikuwa na jiwe.

Wiki moja baada ya dozi ya nne niliitwa kupimwa damu. Foleni ilikuwa ndefu, mashine ikasimama, ikaanza tena, na tulipopewa majibu jua lilikuwa limekwenda. Sista aliangalia karatasi yangu mara mbili. Alisema damu iko chini sana, nijitunze wiki hiyo kuliko wiki nyingine yoyote. Nililala kwangu Kawangware kwa sababu ni karibu, na kesho yake mchana nikafika Gatwekera.

Sahani ilikuwa juu ya kabati. Kukhu aliishusha kwa mikono miwili, uso umeng'aa. Ugali, sukuma wiki na matumbo, vya jana yake mchana. Aliniambia majirani walimtania kwamba nimetoroka, na yeye aliwaambia huyo ni wa kurudi, sahani yake iko. Akapasha vile vya kupasha, moto mdogo, mkaa ulikuwa unaisha, akaniwekea mbele.

Nilijua. Nataka hilo ulielewe wewe unayesoma, sikuwa mjinga, nilijua kabisa. Sauti ya sista ilikuwa kichwani mwangu neno kwa neno. Lakini yule mama alikuwa amekaa kwenye kigoda, mikono magotini, akiningoja nile ili sahani iwe imemaliza kazi yake. Mgonjwa haulizwi uji, husema wahenga, na mimi niliuona huo ugali ukiniuliza swali. Nikala. Nilikula yote, na vidonda vya mdomo vikiniuma, na nilipomaliza nilimshukuru.

Siku ya pili baridi ilinishika jua likiwaka. Nilitetemeka mpaka kitanda kikagonga ukuta. Kipima joto kilisema thelathini na tisa na nusu, nikakitikisa, nikakirudisha, kikasema zaidi. Hapo niliogopa woga ambao sijawahi kuuona tena. Si woga wa kulia. Ni woga wa kunyamaza, unasikia moyo wako masikioni na unajiuliza ni mara ngapi zimebaki. Vijana wa pale nje walinibeba kwenye kiti cha plastiki kupita vichochoro, mpaka upande wa Ayany ambako gari lingeweza kufika, na Kukhu akikimbia nyuma na kanga yangu. Nilikuwa namwomba Mungu kitu kimoja tu, kwamba nisife kwa sababu ya sahani ya huyu mama, maana hangeishi nayo.

Wodini niliwekewa dripu mbili. Yule sista mrefu alipita, akanitambua, akasimama. Akauliza nilikula nini. Kukhu alikuwa amesimama miguuni mwa kitanda, ameshika mkoba wake.

"Mandazi," nikasema. "Ya barabarani."

Sista alinifungua mdomo, akaangalia vile vidonda. Akasema na mdomo huo sikutafuna mandazi. Kisha akasema, bila ukali, "Mama Mercy, si nilikuambia chakula imelala hapana? Kwa damu kama hii yako ni sumu."

Sikumwangalia Kukhu. Nilisikia tu mkoba wake ukigusa sakafu.

Kesho yake hakuja. Wala kesho kutwa. Wycliffe alikuja na uji kwenye chupa, nikamuuliza mama yuko wapi, akasema yuko sawa, anasafisha nyumba. Siku ya tano niliamka nikakuta kitanda cha kando yangu kimetandikwa shuka mpya, na mwanamke aliyekuwa hapo jana yake akinichekesha hayupo. Sikuuliza. Nilivuta blanketi mpaka puani nikawaza kwamba Kukhu amenikatia tamaa, kwamba ameshahesabu sahani zake na yangu haimo. Wycliffe naye alikuwa akija kukaa kando ya kitanda. Siku moja akaweka kichwa chake kwenye mguu wangu, juu ya blanketi, akalia kama mtoto. Nilimpapasa kichwa kwa ule mkono usio na sindano. Hatukuongea juu ya githeri tena.

Joto lilishuka siku ya tisa. Dozi ya tano ikasogezwa mbele mpaka damu ikapanda, na nilipoipata mvua fupi zilikuwa zimeanza. Wycliffe aliniambia mama yake amesema nirudi Gatwekera. Nilimuuliza kama amesema kwa moyo au kwa heshima. Alisema niende nikajionee.

Nilifika alasiri, viatu vimejaa matope. Nilisukuma pazia na kitu cha kwanza nilichotazama ni juu ya kabati. Hapakuwa na kitu. Kitambaa cheupe tu, kimenyooshwa vizuri, na chupa ya maua ya plastiki. Niliona yale matanga yangu yote, mahema na viti vya kukodi, na Mercy amevaa sweta la shule. Nikashika mwimo wa mlango nikauliza, na sauti yangu sikuitambua, "Mama, sahani yangu iko wapi?"

Kukhu alikuwa ameketi kitandani. Alikuwa amekonda kuliko mimi niliyekuwa nikichomwa sindano. Aliinuka, akavuta kigoda kutoka chini ya meza, na juu ya kigoda kulikuwa na sahani iliyofunikwa na sahani. Akaniambia nifunue.

Ndani kulikuwa na kikombe cha unga. Yai moja. Nyanya moja, kitunguu nusu kilichofungwa kwenye nailoni, na majani matano ya sukuma, mazima, yameoshwa.

"Nimekuwekea," akasema. "Lakini sijapika. Nilikuwa nangoja nione mguu wako mlangoni."

Akawasha jiko. Akikatakata sukuma alinieleza kwa nini hakurudi wodini. Alikuwa ameogopa mikono yake. Aliosha sahani zote kwa maji ya moto, akazianika, akaziosha tena, akapangusa kabati kwa dawa ya madoa, na bado akaona mikono yake imebeba kitu ambacho kingeniua. Alisema nilipaswa kumwambia. Nilisema najua. Alisema yeye ni mzee lakini si wa kuvunjika kwa neno moja. Nikalia, naye akanikemea nisilie juu ya ugali, utaingia maji.

Ndivyo tulivyomaliza dozi. Nami nikajifunza upya ufundi wangu, maana kupika kidogo ni kazi ngumu kuliko kupika kingi, hasa mkono ukishazoea sufuria kubwa. Kikombe kimoja cha unga ni ugali wa mtu mmoja na nusu. Hiyo nusu Kukhu alikula pale pale, ungali moto. Mashina ya sukuma niliyokuwa nikiyaweka ya kesho niliyakata madogo yakaingia leo. Maharagwe tulichota mabichi kikombe kimoja, tukaloweka kikombe kimoja. Hatukubakisha na hatukutupa. Kama wewe uko dozi na kuna mtu anakupikia kwa upendo, mwambie neno la sista siku ile ile unayoambiwa. Mwambie hata kama atanuna. Mimi nilimwonea haya mtu aliyenipenda, na haya hiyo ilitubebesha mzigo sote wawili.

Dozi ya sita iliisha mvua ikiisha, nikarudi kwangu Kawangware. Picha ya mwisho nilipigwa, na majibu nikaambiwa niyafuate baada ya wiki mbili. Hizo wiki mbili usiniulize. Sikulala, sikupika, nilishika shingo yangu mpaka ngozi ikawa nyekundu.

Siku ya majibu jua lilikuwa kali, vumbi limerudi. Daktari aliongea kwa muda mrefu na nilisikia neno moja tu, kwamba hakuna kilichoonekana. Nitarudi baada ya miezi mitatu, na mingine mitatu, na woga huo wa kurudi sijaumaliza, usidhani nimekuwa shujaa. Damu ilikuwa imepanda. Nikiwa natoka nilimkuta yule sista mrefu kwenye korido, nikamuuliza swali langu la miezi yote: na chakula kimelala? Alicheka, mara ya kwanza kumwona akicheka. Akasema nile, lakini nichemshe kweli kweli.

Sikumpigia Kukhu simu. Nilitaka kumwambia uso kwa uso. Nilisukuma pazia, nikatazama juu, na sahani ilikuwa juu ya kabati, imefunikwa na sahani, mahali pake pa zamani. Aliishusha kwa mikono miwili. Ilikuwa githeri, imepoa, mafuta yameganda juu. Nilianza kumwambia majibu, akaniinulia mkono ninyamaze kwanza.

"Ni ya jana," akasema.

Nilisimama nikiitazama. Jana sikuwa na majibu. Jana hata mimi nilikuwa kitandani Kawangware nimeshika shingo. Yeye alikuwa amekaa hapa, amechagua mahindi na maharagwe, amepika, amepakua, amefunika, na kuiacha ilale, kama mtu aliyeshajua nitarudi mzima.

Aliiweka kwenye sufuria ndogo, mkaa ulikuwa mwingi, akachemsha mpaka ikatokota na mfuniko ukacheza. Nilichukua kijiko. Nusu ya kijiko cha kwanza ilimwagika ikarudi kwenye sahani, nakuambia ukweli. Nikala, nikiogopa, mpaka ikaisha.